Nibadilishe prosesa au niiache? Soketi, Scout na jukwaa la Ngomeni

Haya wadau, swali langu ni moja tu, nalo limeninyima usingizi kuliko linavyostahili. Je, ninunue prosesa mpya (mpya kwangu, kuukuu kwa mwenzangu) niipachike kwenye kompyuta yangu ya mezani, au niiache ilivyo?

Mashine yenyewe ni Dell OptiPlex ya mtumba yenye Core i5-6500, prosesa iliyotoka mwaka 2015. Ina kore 4 na mwendo wa kawaida wa gigahezi 3.2. Ndiyo inayonilisha hapa Kilifi. Ndani yake mna kazi za wateja wangu wote, ikiwemo programu ya bili ya hoteli moja ya Malindi iliyoandikwa kwa Visual Basic 6, lugha ya mwaka 1998. Mwenye hoteli hataki kusikia habari ya kuigusa. Inatoa bili, pesa zinaingia, basi.

Sasa fundi mmoja wa Mombasa ameniambia ana i7-7700 kwa shilingi 13,000. "Kaka, soketi ni ileile," akaniambia. "Unatoa hii, unaweka hii, umemaliza." Na kweli soketi ni ileile. Ina kore 4 pia, lakini thredi 8 badala ya 4, na inafika gigahezi 4.2. Kwa mtu anayekompaili kutwa nzima, hiyo si tofauti ya kudharau. Shilingi 13,000 nazo si za kuokota ufuoni.

Kabla ya kutoa pesa nikarudi nyuma kidogo kusoma historia, maana sisi watu wa programu tuna ugonjwa wa kudhani vifaa havina historia.

Zamani swali hili lilikuwa rahisi. Mwaka 1992 Intel walianza kuuza prosesa ziitwazo OverDrive, zilizotengenezwa makusudi kwa mtu mwenye 486 anayetaka mwendo zaidi bila kununua mashine nzima. Ikaja Soketi 7, na hapo ndipo uhondo ulipokuwa: soketi moja ilikubali Pentium ya Intel, K6 ya AMD na hata Cyrix. Ulichagua kwa mfuko wako. Mwaka 1997 Intel wakaja na Pentium II kwenye Slot 1, umbo ambalo washindani hawakuwa na ruhusa ya kulitumia, na karamu ikaishia hapo. Kila mtu akashika njia yake.

Lakini hata ukibanwa kwenye soketi moja, miaka ile ulikuwa na hakika ya kitu kimoja: ukingoja miaka miwili, kitakachokuja kitakuwa na kasi kubwa mno kuliko ulichonacho. Pentium ya 1996 ilikuwa na megahezi 200. Machi 2000 AMD wakavuka megahezi 1000, na Intel wakafuata baada ya siku mbili. Novemba 2004 Pentium 4 ikafika gigahezi 3.8. Halafu? Halafu ikasimama pale. Joto lilizidi. Mwaka huohuo wa 2004 Intel walikuwa wameshaifuta Tejas, prosesa iliyokusudiwa kuirithi Pentium 4, na mwaka 2006 wakaanza upya na Core 2 Duo: mwendo mdogo, akili zaidi, kore mbili. Ndiyo maana i5 yangu ya 2015 ina namba ndogo ya gigahezi kuliko Pentium 4 ya 2004, ingawa kikazi inaiacha mbali sana. Tangu hapo kubadilisha prosesa si kununua mwendo tena. Ni kununua kore, na kore zina faida tu pale programu yako inapojua kuzigawia kazi.

Sasa niwaeleze kisa cha soketi yangu, LGA 1151, maana ndicho kilichonikasirisha. Ilianza 2015 na kizazi cha sita. Januari 2017 kikaja cha saba, ambamo i7-7700 imo, na madabodi za awali zikakipokea baada ya kusasishwa BIOS. Oktoba 2017 kikaja cha nane. Pini ni 1151 vilevile, na ukiilaza kwenye soketi inakaa vizuri tu. Haiwaki! Intel walibadilisha kazi za baadhi ya pini, wakaongeza za umeme, wakasema lazima ununue madabodi mpya. Wapo watundu walioziba pini kadhaa na kuchezea BIOS mpaka zikawaka kwenye bodi za zamani, kwa hiyo ukuta ule haukuwa wa fizikia peke yake. Kwa upande wa AMD, soketi ya AM4 iliyopokea Ryzen za kwanza Machi 2017 ilikuwa bado inaletewa prosesa mpya Aprili 2022.

Na ukuta huo ndio Microsoft walioujengea mpaka wao. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021, upande wa Intel karibu kila prosesa iliyo chini ya kizazi cha nane iliachwa nje. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa matunzo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Tazama maajabu yake: i3-8100 inakubaliwa. i7-7700, ambayo ina nguvu kuliko hiyo i3, haikubaliwi. Yaani fundi wangu anataka kuniuzia kwa shilingi 13,000 tikiti ya meli ambayo imeshang'oa nanga.

Hapa ndipo nilipoikumbuka Ngomeni.

Walio ng'ambo ya Malindi hawana haja ya kuelezwa, lakini kwa wengine: kaskazini mwa mji, kwenye ghuba ya Ngomeni, Waitaliano chini ya Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma waliweka majukwaa ya chuma yaliyosimama kwa miguu baharini. Moja, San Marco, lilikuwa la kurushia roketi, na Santa Rita lilikuwa la waongozaji, na nyaya zikapita chini ya maji kuyaunganisha. Pale ni karibu nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, mahali ambapo dunia yenyewe katika kuzunguka kwake inaisukuma roketi mashariki kwa kilomita zaidi ya 1,600 kwa saa. Bure kabisa. Tarehe 26 Aprili 1967 ikarushwa setilaiti ya San Marco 2. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, ikapaa setilaiti ya Marekani ambayo kwa heshima ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutumwa kwa kazi moja tu ya kutafuta eksirei angani. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339, na ilisaidia kuonyesha kwamba Cygnus X-1 huenda ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi aliyeiongoza kazi hiyo alipewa Nobel mwaka 2002.

Lakini kilichonirudisha Ngomeni safari hii si setilaiti, ni roketi. Iliitwa Scout, ya NASA, yenye hatua nne za fueli ngumu, na kila hatua ilikuwa na injini yenye jina lake: Algol, Castor, Antares, Altair. Wahandisi hawakuitupa wakaunda nyingine. Walibadilisha injini moja moja. Mwaka huu hatua ya nne, baadaye ya kwanza, kisha ya tatu. Scout ya mwanzo iliweza kupandisha kama kilo 59. Ya mwisho, G-1, zaidi ya kilo 200. Umbo ni lilelile, na jukwaa ni lilelile. Mtu aliyewahi kutoa Celeron akaweka Pentium III kwenye bodi ileile anaijua raha hiyo.

Na alama ya mwisho wake anaijua pia. Setilaiti zilizidi kunenepa, na Scout haikuweza kunenepa nazo. Baada ya 1975 jukwaa lilikaa miaka 13 bila kupandisha setilaiti, mpaka tarehe 25 Machi 1988 iliporushwa San Marco D/L. Hiyo ikawa ya tisa na ya mwisho. Waitaliano walikuwa wamewaza Scout kubwa zaidi, haikufika popote. Scout yenyewe ilistaafu mwaka 1994 baada ya kurushwa mara 118. Roketi ndogo iliyowatoka Waitaliano hatimaye, Vega, iliruka mara ya kwanza Februari 2012 kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, upande wa pili wa Atlantiki. Jukwaa la Ngomeni lilikuwa soketi ya Scout. Scout ilipokwisha, ikweta ikabaki palepale, msukumo wa bure ukabaki palepale, na hakukuwa na cha kupachika.

Kilichoendelea kufanya kazi ni kituo cha nchi kavu chenye antena. Antena haijali setilaiti ilirushwa na roketi gani wala kutoka wapi. Swift iliyorushwa 2004 na NuSTAR ya 2012, zote kutoka kwingine kabisa, zimekuwa zikituma data zao Malindi. Ukitaka kunichekesha mimi mtu wa programu, niambie kwamba kilichodumu ni kile kilichofuata viwango vya mawasiliano na si kile chenye umbo la pekee!

Basi nikaifungua mashine. Pwani yetu ina adui wawili ambao vitabu vya Taiwan haviwajui: chumvi na joto. Feni ilikuwa imevaa vumbi lenye unyevu kama sufi, na pasta ya joto juu ya prosesa ilikuwa imekauka ikawa unga. Kumbe i5 ilikuwa inajipunguzia mwendo yenyewe isiungue. Nikasafisha, nikapaka pasta mpya, nikafuta ncha za ramu kwa kifutio cha penseli. Mradi wangu mkubwa uliokuwa unakompailiwa kwa dakika 11 ukashuka hadi 8. Gharama ilikuwa shilingi 400 na mchana mmoja wa Jumapili.

Halafu nikatazama dakika hizo 8 zinaliwa na nini. Karibu tatu prosesa ilikuwa haifanyi kitu, inangoja diski, kwa sababu ramu ya gigabaiti 8 ilikuwa imejaa na mfumo unahamishia vitu kwenye diski. i7 ingengoja vilevile, ila ingengoja kwa heshima zaidi.

Lakini swali zito si dakika. Ni zile bili za hoteli, zenye majina ya wageni na pesa za watu, kukaa kwenye mfumo ambao matundu yake siku moja hayatazibwa tena. Prosesa ya shilingi 13,000 haigusi hilo hata kidogo. Kwa hiyo nimefanya hivi: Debian ndiyo mfumo mkuu sasa, na kazi zangu zote zinafanyika humo. Windows ya zamani nimeifungia ndani ya mashine pepe, bila mtandao kabisa, humo ndimo Visual Basic 6 inamoishi na bili zake. Ramu nimeipandisha hadi 16 kwa kijiti nilichokitoa kwenye mashine ya rafiki iliyokufa madabodi, bahati nzuri, maana bei za ramu zilianza kupanda vibaya mwishoni mwa 2025.

Pesa zilizobaki ninaziweka kwa ajili ya mtumba wa kizazi cha nane au zaidi, au Ryzen ya AM4 nikiipata, mashine nzima na bodi yake. Fundi nimempigia jana. Akacheka, akasema ataniwekea ile i7 mpaka mwisho wa mwezi, huenda nikabadili nia. Nimemwambia aiuze.