Duka la Mhindi: Jina, Daftari na Adabu

 Kaeni vizuri, tuanze somo letu la historia.

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano: pesa, hundi, laki, cheti, gunia. Wanafunzi, yasomeni kwa sauti, pole pole. Vema. Maneno hayo mmeyasema tangu utoto, lakini asili yake ni Bara Hindi. Yaliletwa na biashara. Leo nitawaeleza habari za wafanya biashara hao na adabu ya duka lao, maana wazee wengi wa huku waliijua hesabu ya mkopo kwanza mbele ya meza ya Mhindi.

Wahindi si watu wa namna moja. Wako Wahindu, wako Waislamu wa Ismailia, Bohora na Ithnasheri, wako Singasinga, wako Magoa ambao ni Wakristo. Lakini wenye maduka wengi walitoka Kutch na Gujarat, upande wa kaskazini magharibi wa India. Kutch ni nchi kame, na watu wake walizoea bahari. Pepo za kaskazi ziliwaleta pwani yetu, kusi ikawarudisha kwao.

Katika karne ya 19 walikuwa Unguja, Kilwa, Lindi na Mikindani. Nyumba ya biashara ya Jairam Shivji ilikodi forodha ya Unguja kwa Sultani miaka mingi. Siku hizo hapakuwa na benki huku kwetu. Tajiri wa Unguja alimkopesha mwenziwe wa pwani majora ya nguo, naye akamkopesha mwenye msafara. Yule wa msafara akaenda bara kutafuta pembe, sandarusi, mpira wa mwitu na, kwa aibu ya zamani zile, watumwa. Mali ilipita mikono mitatu kabla rupia moja haijalipwa.

Kilichowafunga ni jina. Hundi ilikuwa karatasi tu, yenye amri ya kumlipa fulani fedha kadha wa kadha. Aliyeikataa hundi bila sababu habari zake zilifika bandari zote, na baada ya hapo hakuna aliyemkopesha hata kipande cha marekani. Kwa hiyo kijana aliyeletwa kutoka kwao alianza kwa kufagia duka la mjomba wake na kulala humo humo, huku akijifunza kuandika daftari.

Wakati wa Wajerumani, na zaidi wakati wa Waingereza, maduka yalipanda mpaka huku bara. Ukiingia asubuhi ulinusa udi. Mnunuzi wa kwanza wa siku mwenye duka hakupenda aondoke mikono mitupu, wala hakupenda kumkopesha. Mauzo hayo ya kwanza huitwa boni, na huaminika kuwa ndiyo yanayovuta bahati ya siku nzima. Mwenye akili aliwahi mapema, akapunguziwa bei!

Wao kwa wao huitana bhai, maana yake ndugu, na mwanamke huitwa ben, yaani dada. Ukikaribishwa chai, kunywa kwanza, maneno ya bei yatafuata. Toa na upokee kwa mkono wa kulia. Ukiingia nyumbani kwake, vua viatu. Usimwandalie Mhindu nyama ya ng'ombe. Tena, watu wa India wengi hutikisa kichwa upande huu na upande huu wanapokubali. Mgeni asiyejua hudhani amekataliwa, akaondoka na gunia lake. Na akikuambia "tutaona", basi hapo pengine ndipo amekataa, kama tusemavyo sisi wenyewe.

Kwa Wahindu wa Gujarat, sikukuu ya Diwali ndiyo mwisho wa mwaka wa hesabu. Daftari la zamani hufungwa, na jipya, mara nyingi lenye jalada jekundu, huombewa baraka kabla halijaandikwa.

Sasa tufike penye uchungu. Daftari hilo lilikuwa la Kigujarati. Mkulima alichukua khanga na chumvi wakati wa njaa, akaahidi kulipa wakati wa mavuno. Alipoleta ufuta au korosho, aliambiwa, "Bado deni." Angesemaje? Herufi hazijui, na mizani haijui kuisoma. Wako wenye duka waliokuwa waaminifu kabisa, na wako waliokula jasho la watu. Asiyesoma hakuweza kuwatenga hawa na wale.

Serikali ya Waingereza ilitoa sheria mwaka 1923, kwamba Mwafrika akikopeshwa na asiye Mwafrika bila kibali cha serikali, deni hilo halidaiwi mahakamani. Ilisemwa kwamba ni kumlinda. Lakini Mwafrika aliyetaka kufungua duka lake mwenyewe naye alinyimwa mali ya mkopo, na Mhindi aliendelea kumkopesha Mhindi mwenziwe. Kwa maoni yangu, ulinzi huo uliwafaa kidogo na kuwazuia sana.

Miaka ya 1960 ununuzi wa korosho ulishikwa na vyama vya ushirika. Hata neno bepari, ambalo asili yake ni mfanya biashara tu, likawa la kulaumiwa, nalo Mwalimu Nyerere alilitumia katika tafsiri yake ya Shakespeare, "Mabepari wa Venisi", mwaka 1969. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa, na bidhaa zikawa shida.

Korosho ghafi, hata hivyo, hazikuacha kwenda India kubanguliwa. Tangu msimu wa 2007 mkulima wa Mtwara hupeleka mzigo chamani kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani, nao huuzwa mnadani, ambapo wanunuzi kutoka India wamo. Karatasi anayopewa imeandikwa kwa Kiswahili.

Mwenye karatasi kama hiyo aitoe sasa. Someni kwanza jina, kisha tarehe, kisha kilo, kisha daraja la korosho. Mwalimu apite akiangalia. Kilo zikiwa hazilingani na ulizopima nyumbani, ziandike pembeni kwa kalamu, na kesho asubuhi uende nazo kwa karani.