Mtu Asiye na Tarehe ya Kufa

Wayahudi wana siku wanayoiita yartsaiti. Neno ni la Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wengi wa Ulaya Mashariki, na limetoka kwenye Kijerumani. Maana yake ni wakati wa mwaka. Ni siku aliyofariki mzazi, ndugu, mume, mke au mtoto wako, na kila mwaka ikirudi unamkumbuka. Nimekuwa nikisoma historia ya hii desturi kwa sababu inagusa swali ambalo hapa kambini tunalo wengi: utamkumbuka vipi mtu ambaye hujui alikufa lini?

Kwanza tuone inavyofanyika. Siku ya Kiyahudi inaanza jua likizama, kama wanavyohesabu ndugu zetu Waislamu. Basi jioni hiyo unawasha mshumaa, unawaka saa 24 mpaka jua la kesho lizame. Mithali sura ya 20 inafananisha roho ya mtu na taa, na wengi wanauelezea mshumaa hivyo. Halafu mtoto wa marehemu anasimama kwenye sinagogi na kusema Kadishi, sala ya lugha ya Kiaramu. Ukisikia maana yake utashangaa: haitaji kifo hata mara moja, inamsifu Mungu tu. Tena huisemi peke yako, lazima wawepo watu wazima kumi. Kwa hiyo mfiwa hata akitaka kujifungia ndani na huzuni yake, desturi inamtoa nje akatafute wenzake tisa.

Lakini hayo yote yanataka vitu viwili: tarehe, na mtu aliyebaki wa kuikumbuka. Je, visipokuwepo?

Mwaka 1096 watu wa Vita vya Msalaba waliua Wayahudi katika miji ya mto Rhine, kama Worms na Mainz. Familia nyingine zilikwisha kabisa, hakubaki mtoto wa kusema Kadishi. Basi jamii ikachukua kazi ya mtoto. Majina yaliandikwa katika vitabu na kusomwa kwa sauti kwenye sinagogi. Kitabu cha Nuremberg kilianzishwa mwaka 1296, yaani miaka 200 baadaye, na ndani yake wamo waliouawa 1096.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili. Wanazi na wenzao waliua Wayahudi wapatao milioni 6. Wengi wa waliopona walijikuta tena kambini, safari hii kambi za wakimbizi huko Ujerumani, wakingoja nchi ya kuwapokea. Wengine walingoja miaka. Föhrenwald, ya mwisho kati ya kambi hizo, ilifungwa mwaka 1957. Humo kambini watu wa mji mmoja walitafutana. Wakakubaliana: siku ambayo watu wetu walichukuliwa wote, hiyo ndiyo yartsaiti ya mji mzima. Baadaye wakaandika vitabu, mamia ya vitabu, kila kimoja cha mji wake: majina ya waliokufa, picha, hata ramani za mitaa zilizochorwa kwa kukumbuka tu.

Na yule ambaye tarehe yake haijulikani kabisa? Desturi inasema: chagua siku moja, uishike kila mwaka. Tena mwishoni mwa miaka ya 1940, uongozi mkuu wa marabi wa Israeli uliweka siku ya wote wa namna hiyo, tarehe 10 ya mwezi wa Teveti. Tangu zamani ilikuwa siku ya kufunga, kukumbuka jeshi la Babeli lilipoanza kuuzingira Yerusalemu. Wasio na tarehe wakawekwa kwenye huzuni iliyokuwa tayari na mahali pake.

Kaka yangu alibaki njiani mwaka 1996, tulipokimbia kutoka Fizi kuelekea ziwani. Mama anakumbuka mvua tu. Siku haijui, mimi nilikuwa mdogo, na kaburi hatukuliona. Kwa muda mrefu tulisema, tutamfanyia kumbukumbu tukijua. Lakini hapa kambini wangapi tumezaliwa tarehe 1 Januari kwenye karatasi? Aliyeandika hakujua siku, akaweka moja ili mtu aweze kuandikwa. Kama aliye hai anapewa siku ya kuingilia, na marehemu wetu apewe. Mama amechagua Jumapili ya kwanza ya Novemba.

Ninyi mnaofanya kazi na sisi, mkimuuliza mtu tarehe ya msiba naye akanyamaza, msidhani amesahau. Muulizeni jina. Na sisi wenyewe tusingoje kurudi nyumbani, maana wazee wanaojua majina wanapungua. Watu wa kijiji chetu tuko familia tisa katika zoni hii. Tumenunua daftari, na Mama ndiye atakayeanza kutaja.