Studio ya Francis Bacon

Studio ya Francis Bacon ni chumba cha kazi cha mchoraji Mwingereza Francis Bacon (1909–1992), mzaliwa wa Dublin, Ayalandi. Hutajwa mara nyingi kama mfano wa nafasi ya vurugu katika ubunifu. Chumba hicho kilikuwa ghorofani katika nyumba namba 7, Reece Mews, London, na Bacon alikitumia tangu 1961 hadi kifo chake. Sakafu ilifunikwa na marundo ya picha zilizokunjamana, kurasa zilizochanwa vitabuni, brashi zilizokauka na makopo ya rangi. Kuta na mlango vilitumika kuchanganyia rangi. Picha zilizokanyagwa, kukunjwa na kuchafuliwa zilimpa maumbo yaliyopotoka, ambayo ni sifa kuu ya michoro yake. Aliwahi pia kutumia vumbi pamoja na rangi ili kuiga mwonekano wa kitambaa. Mwaka 1998 studio ilikabidhiwa jumba la sanaa la Hugh Lane, Dublin. Wanaakiolojia waliorodhesha vitu zaidi ya 7,000 na mahali pa kila kimoja, kisha chumba kikahamishwa pamoja na kuta, sakafu na vumbi lake. Kilifunguliwa kwa umma mwaka 2001.