Watoto wa Rangi ya Buluu

Wasikilizaji, huenda mmepata kumwona mtoto ambaye, akikimbia hatua chache tu, huchutama akitweta, na midomo yake na kucha zake zikageuka rangi ya buluu. Wenziwe humwita mvivu. Na walimu pia, nasikitika kusema. Mtoto huyo si mvivu. Yafaa apelekwe hospitali, maana yawezekana moyo wake una kasoro tangu tumboni mwa mamaye.

Moyo una vyumba vinne, na ukuta wa katikati huizuia damu iliyochoka isichanganyike na ile iliyokwisha kupata hewa mapafuni. Katika ugonjwa ulioelezwa na Mfaransa Fallot mwaka 1888, ukuta huo una tundu, na njia ya kwendea mapafuni imesongwa. Basi damu nyingi huzunguka mwilini pasipo kupata hewa. Ndiyo sababu ya ile buluu.

Zamani madaktari walitazama tu. Huko Baltimore, Marekani, bibi daktari Helen Taussig, ambaye kwa uzito wa masikio alizoea kuupima moyo kwa vidole, aliona kwamba watoto hao huzidiwa pale unapozibika mshipa mdogo ambao kila mtoto huzaliwa nao, uunganishao mshipa mkuu wa mwili na ule wa mapafu. Akauliza, je, haiwezekani kutengeneza njia kama ile?

Swali likamfikia mpasuaji Alfred Blalock. Lakini aliyehangaika nalo, akijaribu kwa mbwa wengi mpaka akaijua kazi, ni msaidizi wake Vivien Thomas, mtu mweusi, aliyepata kuwa seremala, ambaye akiba yake ya masomo ilipotea benki ilipofilisika. Hakuwa na shahada yo yote.

Tarehe 29 Novemba 1944 Blalock alimpasua mtoto wa kike wa miezi 15, akaunga mshipa wa mkono na ule wa mapafu. Thomas alisimama juu ya kigoda nyuma ya bega lake, akimwelekeza. Mtoto alipata nafuu, ila alifariki baada ya miezi michache. Wa tatu, mwaka 1945, alikuwa mvulana wa miaka 6: midomo yake iligeuka myekundu pale pale mezani.

Upasuaji ule uliitwa kwa majina ya Blalock na Taussig. Thomas hakutajwa. Mwaka 1976 ndipo Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilipompa shahada ya heshima. Nayo ilikuwa ya sheria, si ya uganga.