Bendi za Dansi na Ajira ya Umma Dar es Salaam

Muziki wa dansi, yaani muziki wa magitaa, tumba na ala za kupuliza uliopigwa katika kumbi za miji ya Tanzania, ulikuwa burudani ya vyama vya hiari kabla haujawa kazi ya mshahara. Dar es Salaam Jazz ilianzishwa katika miaka ya 1930, na miongoni mwa bendi zilizofuata zimo Western Jazz, Rufiji Jazz na Kilwa Jazz, ambazo majina yake yalionyesha walikotoka waanzilishi, kwa kuwa mhamiaji aliyeingia mjini alitafuta kwanza watu wa nyumbani.

Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilipounda bendi yake, msingi wa kukusanyika ulibadilika: mwanamuziki akawa mwajiriwa anayelipwa kila mwezi na kupiga ala ambazo ni mali ya mwajiri. Utaratibu huo, uliotumika pia katika polisi, jeshi na mashirika ya umma, ulitanguliza ufundi wa mtu mbele ya asili yake, na kwa kuwa tungo ziliimbwa kwa Kiswahili na kurushwa na Redio Tanzania, ziliwafikia wasikilizaji wa makabila yote.

Maisha ya kazi ya mwimbaji Muhidin Maalim Gurumo yanadhihirisha faida na mipaka ya utaratibu huo. Akiwa NUTA, iliyokuja kuitwa JUWATA, alijijengea jina. Mwaka 1978 alihama na kushiriki kuunda Mlimani Park, iliyokuja kumilikiwa na shirika la jiji, DDC, na baadaye akaenda Orchestra Safari Sound kabla ya kurejea bendi yake ya awali. Kila bendi ilikuwa na mtindo, yaani jina la mapigo na uchezaji wake, na majina ya mitindo mikubwa, Msondo na Sikinde, yalitokana na ngoma za jadi za pwani, ingawa walioipiga hawakuwa watu wa pwani peke yao. Hata Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu nchini Kongo aliyefika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, alipata umaarufu kwa tungo za Kiswahili.

Mashirika yalipopunguza ufadhili baada ya mageuzi ya uchumi, wanamuziki walipoteza mshahara, lakini hadhira iliyokwisha kuunganishwa na lugha moja iliendelea kujaza kumbi na kuzilisha bendi kwa viingilio.