Kubomoa na Kupangua: Habari za Kanisa la Mårup

Lugha yetu yatofautisha vema kazi mbili ambazo mpita njia huweza kuzichanganya. Abomoaye ukuta huuvunja, wala hajali jiwe litaangukia wapi. Apanguaye huondoa kimoja kimoja kile kilichopangwa, na aliye na akili hukumbuka jinsi kilivyokuwa. Panga hutoa pangua, fuma hutoa fumua, ezeka hutoa ezua. Na aezuaye nyumba kwa uangalifu huweka kando makuti yaliyo mazima, maana yatafaa tena. Katika habari tunayotaka kuisimulia, tofauti hii ya maneno ndiyo kiini cha shauri zima.

Katika pwani ya kaskazini-magharibi ya Jutland, nchini Denmark, karibu na kijiji cha Lønstrup, nchi kavu huishia baharini kwa genge refu la udongo na mchanga. Mawimbi ya Bahari ya Kaskazini hulila genge hilo chini, na mvua hulilegeza juu, hata likaporomoka vipande vipande. Kwa wastani hupungua yapata mita 1 na nusu kila mwaka. Kadiri hiyo yaonekana kuwa ndogo, walakini kwa miaka 100 ni mita 150, nayo yatosha kumeza shamba, njia na nyumba. Basi wale waliolijenga kanisa la Mårup, yapata mwaka 1250, hawakuwa wapumbavu waliojenga ukingoni. Walijenga mbali na maji, nayo maji yakawafuata wajukuu wao.

Si kanisa hilo peke yake lililopatwa na msiba katika pwani hiyo. Jirani yake, Rubjerg, adui alikuwa mchanga upeperushwao na upepo. Mchanga uliharibu mashamba na kulizingira kanisa la kale, wakristo wakazidi kuhamia ndani ya nchi. Mwishowe kanisa lile likaondolewa, na mwaka 1904 likajengwa jingine mbali na pwani, kwa vifaa vilivyotoka katika lile la kwanza. Hapo twaona kupangua kwa maana yake kamili: jengo lilitoka mahali pake, likawafuata watu wake.

Habari za Mårup zilikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 1928 wakristo wa mahali hapo walipata kanisa jipya katika Lønstrup, na lile la kale likaachwa bila ibada za kila Jumapili. Hata hivyo halikusahauliwa. Katika uwanja wake walizikwa mabaharia wa manowari ya Kiingereza iitwayo Crescent, iliyovunjika karibu na pwani ile mwezi wa Desemba 1808, wakafa watu zaidi ya 200. Na nanga yake ikawekwa pale kanisani kuwa ukumbusho. Tena mwaka 1987 kanisa hilo dogo jeupe, lisilo na mnara, lilionekana katika filamu iliyotokana na hadithi ya Karen Blixen ya karamu ya Babette. Mwandishi huyo ndiye aliyekaa Kenya tangu 1914 hata 1931.

Genge lilipokaribia, watu walitofautiana. Wengine walitaka pwani ijengewe kinga, ili kanisa na kijiji vipone pamoja. Wengine walisema bahari iachwe ifanye kazi yake, kwa kuwa genge lenyewe ni urithi, na ukilizuia mahali pamoja bahari hula zaidi mahali pengine. Hoja zote mbili zilikuwa na uzito. Mwaka 2008, ukingo ulipokuwa umebakiza mita chache tu, kazi ya kulipangua ilianza. Paa lilitolewa, na kuta zikapunguzwa. Kilichosalia cha kuta kikaachwa kwa miaka kadhaa kabla ya kuondolewa nacho. Kanisa halikusimamishwa tena mahali pengine.

Je, kazi hiyo iliokoa nini? Iliokoa maarifa. Ukuta usimamao huficha mengi: namna msingi ulivyolazwa, mlango uliozibwa zamani, alama za mafundi, rangi ya kale chini ya chokaa. Ukipanguliwa kwa utaratibu, hayo husomwa na kuandikwa tabaka kwa tabaka. Ukianguka baharini usiku wa dhoruba, hayasomwi na mtu.

Kusini kidogo mwa mahali hapo ulisimama mnara wa taa wa Rubjerg Knude, uliowashwa kwanza mwaka 1900 na kuzimwa 1968. Huo haukupanguliwa. Tarehe 22 Oktoba 2019 uliwekwa juu ya reli ukiwa mzima, wenye uzito wa zaidi ya tani 700, ukasogezwa yapata mita 70 kutoka ukingoni. Hivyo katika kipande kifupi cha pwani twapata majibu matatu: kupangua na kujenga upya, kupangua na kuandika, na kuhamisha kizima kizima.

Kwetu pwani ya Afrika ya Mashariki jibu huweza kuwa la nne. Kuta za Kilwa Kisiwani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yasiyo na umbo moja, yakashikwa kwa chokaa hata ukuta mzima ukawa kitu kimoja. Ukuta wa namna hiyo ni vigumu sana kuupangua jiwe kwa jiwe. Mara nyingi ukijaribu utakuwa umeubomoa. Kwa sababu hiyo, magofu ya Kilwa yalipoandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi ulio hatarini, mwaka 2004, kazi ilikuwa kuyategemeza yalipo na kuikinga pwani, na mwaka 2014 yakaondolewa katika orodha hiyo.

Yatupasa basi sisi tulio na makanisa na shule za zamani kando ya mito na bahari kuangalia mapema. Jengo lipimwe na kuchorwa lingali imara, majina yaliyo makaburini yanakiliwe, na mafundi wazee waulizwe jinsi walivyofunga boriti na kuchanganya chokaa. Kazi hizo hazihitaji fedha nyingi, nazo huweza kufanywa na mwalimu na wanafunzi wake. Maana siku ya kupangua ikifika bila maandishi, hata mkono mwangalifu utakuwa wabomoa tu.