Pasolini na Orestia ya Kiafrika

Pier Paolo Pasolini (1922–1975) hutajwa zaidi kwa filamu zake, lakini alianza akiwa mshairi, tena mshairi wa lugha iliyodharauliwa. Makala haya yanaeleza maisha yake kwa ufupi, kisha yanaiangalia filamu aliyoipiga Uganda na Tanzania, kwani hapo ndipo historia yake inapokutana na yetu.

Alizaliwa Bologna, Italia, tarehe 5 Machi 1922. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi. Mama yake, mwalimu, alikuwa mwenyeji wa Casarsa katika jimbo la Friuli. Mwaka 1942, wakati utawala wa Kifashisti ukizibana lugha za majimbo, alichapisha diwani yake ya kwanza kwa Kifriuli. Msomaji wa Kabongo, ambako Kiluba ni lugha ya nyumbani, Kiswahili lugha ya sokoni na Kifaransa lugha ya ofisini, atautambua mara moja uzito wa uamuzi huo. Mwaka 1950 alihamia Roma pamoja na mama yake. Riwaya yake *Ragazzi di vita* (1955), iliyoandikwa kwa kufuata usemi wa vijana maskini wa mji huo, ilishtakiwa kwa kukiuka maadili, ikaachiliwa mwaka uliofuata. Mwaka 1961 alitoa filamu yake ya kwanza, *Accattone*.

Mwaka 1960 alikuwa ametafsiri *Orestia*, tamthilia tatu za Aeschylus. Humo Orestes anamwua mama yake ili kulipiza kisasi cha baba yake, naye anaandamwa na miungu wa kisasi. Athena anaunda baraza la raia limhukumu, na miungu hao wanageuka kuwa walinzi wa mji. Pasolini aliiona hadithi hiyo kuwa mfano wa mataifa ya Afrika yaliyotoka kupata uhuru: kuingia katika dola ya kisasa pasipo kuiua mila.

Kati ya 1968 na 1969 alizuru Uganda na Tanzania kutafuta nyuso na mandhari. Alipiga picha Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikifanya hekalu la Apollo, na ngoma ya Wagogo akaifanya taswira ya miungu waliogeuka. Tamthilia yenyewe hakuipiga. Yalibaki maandalizi yake, *Appunti per un'Orestiade africana* (1970).

Kasoro yake ni dhahiri. Watu wa Kigoma wanaonekana, lakini anayewasemea ni Pasolini, kwa Kiitaliano. Mtetezi wa lugha ya wanyonge kwao alifika katika nchi ya Kiswahili akawaacha wenyeji wake kimya. Hata hivyo, aliporudi Roma aliwaonyesha picha hizo wanafunzi Waafrika wa chuo kikuu, akaomba maoni yao. Nao hawakumsifu tu: walikataa Afrika isisemwe kana kwamba ni nchi moja, na wakalitilia shaka neno "kabila". Pasolini hakuyakata majibu hayo. Aliyatia ndani ya filamu.

Aliuawa Ostia, karibu na Roma, usiku wa kuamkia tarehe 2 Novemba 1975. Kwa mwanafunzi wa fasihi, sehemu ya filamu hiyo inayostahili kusomwa kwanza si ndoto ya Pasolini juu ya Afrika, bali yale mabishano. Humo mwenye kusimuliwa anapata nafasi ya kumjibu msimulizi.